Jina Alilolimeza Bibi Lahapa

Saa kumi na mbili asubuhi, mvua ya mji wa Hilo imeshaanza kazi yake, na Lahapa Kekumu naye yake. Ameketi nyuma ya meza yake sokoni, sindano ndefu mkononi, akitunga mashada ya maua. Shada moja dola kumi na tano. Maana ya jina, bure.

Hilo la bure ndilo linalowaleta wengi. Leo wa kwanza ni dereva wa lori, kashika cheti cha kuzaliwa cha babu yake.

"Keola," Lahapa anasoma. "Uhai. Babu yako alizaliwa mgonjwa?"

"Walishamchimbia kaburi, bibi!"

"Ndiyo maana. Walikuwa wanamwomba abaki."

Dereva, pande la mtu, anafuta macho.

Lahapa, miaka sitini na tisa, alifundishwa majina na marehemu mama yake, ambaye shuleni alichapwa kwa kusema lugha yake mwenyewe. Lakini lipo jina moja ambalo amelimeza mwaka mzima.

Kwao, jina likija ndotoni ni mali ya mtoto. Kumnyima ni kumdhulumu. Wiki mbili kabla mjukuu wake hajazaliwa, Lahapa alimwota mama yake amesimama mlangoni, akiita uani: "Kauanoe!" Hakuna aliyeitika.

Wakati huo binti yake, Kehau, alishadarizi jina "Madison" kwenye mablanketi yote ya mtoto.

"Nikajikausha," anasema Lahapa. "Niliogopa kuonekana bibi mkorofi. Nimekosa, na linaniuma."

Saa nne Kehau anafika, mtoto mgongoni, kuchagua maua ya karamu ya mwaka wa kwanza, Jumamosi hii. Anamtazama mteja mwingine akiondoka na tabasamu lake.

"Mama, kila mtu unampa jina lake. Wangu hukumwotea?"

Sindano inasimama. Lahapa anamsimulia yote.

"Mwaka mzima, mama?"

"Mwaka mzima."

"Una roho ngumu wewe!" Kehau analia, huku akicheka. "Maana yake nini?"

"Si hiyo inayokulowesha? Mvua ya ukungu."

Kehau anamgeuza mtoto, anamweka mapajani mwa bibi yake.

Jumamosi, kabla nguruwe hajafukuliwa kwenye tanuri la shimoni, Lahapa atasimama mlangoni aite, kama mama yake alivyoita.

"Jina la Madison libaki la shule," anasema, akimpangusa mtoto matone usoni. "Ana mwaka mmoja tu, najua hataitika. Nitaita tena kesho yake."