Neno Langu Nililomwachia Mwanaidi

Nakumbuka mchana mmoja pale Ruvu, mwanangu, uwanja mzima ulinishangilia, na mpaka leo nikizikumbuka shangwe zile naona haya.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, mwigizaji katika kikundi cha maigizo cha Kisarawe. Ulimi wangu ulikuwa mwepesi, na nilijijua. Ilikuwa miaka ile watu wanahamia vijiji vya ujamaa, nasi tulizunguka na mchezo wa mzee anayetakiwa kuhama, akafika kwenye kaburi la mkewe, miguu ikamgomea. Mimi nilikuwa mke wa mwanawe. Mzee mwenyewe alikuwa Mzee Shomari.

Huyo Shomari alianza kuigiza mama yangu hajaolewa. Alianzia kwenye zile sinema zisizo na sauti, enzi za Mwingereza, gari la sinema linaingia kijijini na bwana mmoja anaeleza picha kwa kipaza sauti. Walimpa sehemu ya mkulima mvivu, amelala shambani huku nguruwe wanamaliza mihogo yake. Sinema ile ilizungushwa miaka na miaka, na jina likamganda: Bwana Usingizi. Sauti zilipokuja akawa mlevi, akawa bawabu, akawa mzee wa kuanguka kwenye tope. Redioni akawa mwizi. Hakuna aliyempa sehemu ya mtu wa kuheshimiwa. Na shamba lake la Mbwawa, nakuambia, halikuwa na jani moja la magugu. Lakini nani aliuliza?

Mchezo wetu ndio wa kwanza kumpa heshima hiyo. Pale kaburini hakuwa na neno hata moja. Anavua kofia, anaiweka chini, anashika udongo, ananyamaza. Mimi kazi yangu ilikuwa kungoja mpaka ainuke, kisha niseme maneno mawili tu: "Baba, twende."

Siku ile Ruvu alinyamaza kwa muda mrefu. Uwanja umetulia tuli. Nami, kwa ujinga wa ujana, nikaona kimya kile kinaninyang'anya watu wangu. Nikapiga makofi, nikasema, "Jamani, Bwana Usingizi kashalala tena!"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Shomari hakuinua uso. Alimaliza sehemu yake, akavaa kofia yake.

Baada ya mchezo nilimfuata, nikitaka sifa. Akaniambia, "Zainabu, umecheza vizuri." Nikatabasamu. "Ila umecheza peke yako."

Kisha akasema, "Kuchekwa ni kazi yangu, sina kinyongo. Lakini binti yangu Mwanaidi alikuwa pale. Utotoni walimwita mtoto wa Bwana Usingizi mpaka akaikimbia shule, na tangu hapo hajaja kunitazama. Leo nilimbembeleza aje, anione walau mara moja sichekwi. Ameondoka bila kuniaga."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenichapa.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Methali hiyo nilikuwa naisema mwenyewe jukwaani, naisema kama kasuku. Kesho yake nilidandia lori mpaka Mlandizi, nikamkuta Mwanaidi uani kwake anamenya mihogo. Nikamwambia ni mimi niliyelitoa neno lile. Akanitazama, akasema, "Kumbe ni wewe," akaendelea kumenya. Nikaomba kisu, nikakaa chini. Tulimenya mpaka adhuhuri bila kusemezana, mimi niliyekuwa siwezi kunyamaza hata nikila. Mwisho akauliza, "Kisarawe mnacheza lini?"

"Jumamosi," nikasema. Sikuongeza.

Jumamosi alikuja. Alikaa mbele, amejitanda khanga mpaka kwenye nyusi. Mzee akavua kofia, akaiweka chini, akashika udongo. Nyuma mtu akaanza kucheka. Mimi nikamgeukia mzee, nikamtazama kwa moyo wangu wote, maana watu hutazama unakotazama wewe, na cheko lile likafa. Mzee alikuwa analia. Sijui mpaka leo kama yalikuwa machozi ya mchezo. Akainuka taratibu. Zamu yangu ikafika, nikafungua mdomo.

Mwanaidi alikuwa keshasimama. Aliingia uwanjani, akaiokota kofia ya baba yake, akaikung'uta vumbi, akamvika. Akasema, "Baba, twende."

Lilikuwa neno langu, mwanangu, na sikuwa na lingine. Nikafunga mdomo. Wakatoka wameshikana mikono, nami nikabaki katikati ya uwanja, na hakuna aliyecheka.

Sasa wewe nakusikia unavyowavunja mbavu wenzako, umerithi ulimi wangu. Sikukatazi. Ila kabla hujalitoa neno la kuchekesha, jiulize linamwangukia nani, na mwanawe amekaa wapi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenzio akipata kimya chake, mlindie, hata kama watu watasahau kwamba ulikuwepo. Na ukikosea usitume salamu. Nenda mwenyewe, ukae chini, umenye mihogo mpaka uulizwe.

Mwenyezi Mungu akulindie ulimi wako. Akupe watu watakaokungoja unaponyamaza, na siku utakapochoka kama nilivyochoka mimi, akuletee wa kukuokotea kofia, akuambie twende.