Kuni za Mcheri wa Rosella

Watu wa rasi yetu hapa Michigan hawana adabu na makopo. Wakiona mdudu shambani wanamtia kwenye kopo la siagi lenye makombo, wanalitua mezani kwa Verna Tollefson katika ofisi yetu ya kilimo, kisha wanasimama kama waliokuja kuchukua majibu ya hospitali. Mimi napima udongo meza ya pili, na kwa miaka kumi na tisa nimevuta harufu ya makopo hayo. Verna hajalalamika hata siku moja. Ana miaka sitini na mitatu, magoti mabovu na maneno machache, na kazi yake ni kusema mdudu huyu ni nani.

Aprili iliyopita aliingia Delmar Kolarik, mkulima wa cheri aliyefiwa na mkewe Rosella mwaka juzi. Koponi mwake mlikuwa na kijiti chenye matundu madogo kama ya pini, na mbawakawa wanne weusi, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele.

"Usijisumbue," alisema. "Jirani keshaniambia. Ni wale wanaootesha ukungu ndani ya mti. Tingatinga linakuja Alhamisi, nang'oa miche yote mia mbili."

"Jirani yako ana hadubini?"

"Ana macho."

"Hata ng'ombe wake wana macho. Kaa chini, bwana."

Nilicheka, lakini roho iliniuma. Miche ile aliipanda na Rosella katika majira yake ya mwisho, mama akiwa kwenye kiti cha plastiki, akiishika wima huku mzee akifukia. Kanisani kote tulilijua hilo.

Verna alimlaza mbawakawa wa kwanza chali. Watu hutazama mgongo, na migongo ya wadudu hawa yote inafanana. Yeye hutazama tumbo. Aliwageuza wote wanne, kisha akarudia. Zamani nilimuuliza kwa nini hatosheki na mmoja. Akaniambia kwamba alipokuwa mgeni kazini alitazama mgongo mmoja tu, akamwambia mzee fulani ang'oe miplamu yake, kumbe haikuwa lazima. "Alinishukuru," alisema. "Mpaka anakufa alikuwa ananishukuru."

"Njoo uone," alimwita Delmar. "Tumbo limepanda juu ghafla huku nyuma, kama limekatwa kwa kisu. Wale wa jirani yako tumbo lao ni la mviringo. Hii ni jenasi nyingine kabisa, Scolytus. Huyu haoteshi ukungu. Anakula chini ya gome."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo tingatinga lisije. Huyu huzaliana kwenye mti unaokufa au kuni mbichi, wakishajaa ndipo wanaivamia miche. Ukiondoa wanakotoka, miche mingi itapona. Umerundika kuni karibu?"

Delmar alikunja kofia yake. Sote tulijua jibu. Kwetu kuni za mcheri hazitupwi. Zinawekwa kwa ajili ya karamu ya kanisa ya msimu wa majani kuanguka, kukausha samaki wa ziwani kwa moshi. Na rundo lake lilikuwa mcheri mkubwa wa nje ya dirisha la jiko la Rosella, ulioangushwa na dhoruba miezi minne baada ya mazishi.

"Rundo lile siligusi," alisema.

"Mwezi wa tano wataruka wote."

"Verna, nimekwambia siligusi!"

"Basi liache tingatinga lije," alisema Verna kwa upole. "Ni vya Rosella vyote viwili, Delmar. Kimoja bado kinakua."

Aliondoka bila kuaga, hata kopo akaliacha. Nilimwona Verna mkatili, na nikamwambia hivyo.

Wiki hiyo kanisa lilitangaziwa karamu ya samaki ya Jumamosi, tena Aprili, jambo lisilowahi kutokea. Delmar alikausha samaki siku mbili mfululizo, akalisha rasi nzima, na rundo likaisha. Tulikula mpaka tukaona haya. Mwishoni Verna alimwendea, akanyoosha mkono. Delmar alijitia hamnazo kidogo, kisha akatoa ndani ya koti gogo fupi la mcheri ule alilokuwa amelificha, lenye unene wa kifundo cha mkono.

Nilidhani Verna atalitupa motoni. Alilitia mfukoni akaenda nalo nyumbani, akalioka kwenye jiko lake la mkate asubuhi nzima, nyumba yote ikanuka cheri.

Jumatatu Delmar alilifuata ofisini. Verna alimpa likiwa kwenye gazeti.

"Liweke popote utakapo," alimwambia. "Hamna kitu kilicho hai humo tena."

"Najua," alisema Delmar. Alilipakata kifuani, akaenda kuangalia miche.