Vugo Lisiloitikiwa

Mejumaa wa Bondeni aliongoza vugo, ngoma ya wanawake ya arusini, kwa miaka thelathini. Alishika pembe ya nyati, akaigonga kwa kijiti na kutoa wimbo, na wanawake wa arusi nzima wakamwitikia. Hakuna bibi arusi wa Mji wa Kale aliyetolewa kwao bila yeye kuitwa. Enzi hizo watu walijua nani wa kuitwa.

Mwaka 1994 kijana Morgan akafungua studio ya dansi ghorofani, karibu na uwanja wa Tononoka, ukuta mzima vioo. Akamwomba Mejumaa awafunze wasichana wake. Aliwafunza miezi mitatu, pembe zake mwenyewe akiwaachia. Mwezi wa nne Morgan akamzuia mlangoni.

"Bi Mejumaa, pumzika sasa. Watu wataka sura changa."

"Na pembe zangu?"

"Hizo za studio, mama."

Mejumaa aliposikia wasichana wa Morgan wameitwa arusini Kibokoni, hakupiga kelele. Alizunguka Bondeni na Kibokoni nyumba kwa nyumba akiwaomba wanawake jambo moja tu: msiitikie. Wimbo wa vugo usiopokewa humfia mwimbaji mdomoni. Hilo vioo havifunzi.

Alasiri ya arusi ile nilikuwa nimekaa barazani kwangu, ubavuni mwa nyumba ya arusi. Morgan alisimama nje, maana ndani walikuwa wanawake peke yao, Mejumaa miongoni mwa wageni. Pembe zikalia. Joy, kiongozi wa wasichana wake, akatoa wimbo. Kimya. Akaurudia. Mtu akakohoa.

Mwenzake Winnie akatoka mbio. "Hawaitikii! Bi Mejumaa amekaa tu, akila halua!"

"Mwambie nitampa pembe zake."

Akaingia, akarudi. "Asema mtu hapewi kilicho chake. Ataka useme nani aliyetufunza. Hapo hapo ulipo, wote wasikie."

Morgan akanitazama, kana kwamba ningemsemea. Akanong'ona kitu.

"Hatusikii!" wanawake wakamcheka dirishani. "Bwana Vioo, paza sauti!"

"Ni Bi Mejumaa! Yeye ndiye aliyewafunza!"

"Na pembe za nani?"

"Zake!"

Ndipo Mejumaa akashika pembe. Hajamaliza mstari wa kwanza, nyumba nzima ikamwitikia. Wasichana wakatoka mmoja mmoja, Joy akilia. Wako waliosema Morgan, mtoto wa watu, alionewa. Mimi simo katika hao. Morgan alikuwa akitafuta mahali pa kukaa barazani kwangu. Nikainyoosha miguu yangu yote miwili, pakajaa.