Jani la Sale Ambalo Sikumpelekea Bibi

Nimechoka, rafiki yangu. Nilipanda kwetu Kibosho jana, nikakuta kaka yangu amejenga ukuta wa matofali pale palipokuwa na mpaka wa masale. Ni ile mimea ya majani marefu ambayo sisi Wachaga, ukimkosea mtu, unachuma jani lake moja unampelekea, naye hawezi kukunyima msamaha. Mimi kuna jani moja sikulipeleka.

Bibi yangu alikuwa Mkatoliki wa rozari na misa ya alfajiri. Lakini kila asubuhi, kabla hajawakatia ng'ombe majani ya migomba, alitoka nje, akalielekea jua, akatema mate kidogo ya baraka na kumwomba Ruwa atulinde. Kwetu Ruwa ni Mungu, na jua nalo huitwa hivyohivyo.

Nilipokuwa darasa la sita, mwalimu alitusimulia miungu ya Wagiriki wa kale. Ilikaa mlimani, ikaoana, ikaoneana wivu, na mmoja wao aliliendesha jua kwa gari la farasi. Mungu wa Musa, alisema, ni mmoja tu, hana mke wala sanamu, na jua aliliumba siku ya nne. Nikajiona msomi. Mlima tunao, jua tunalo! Kwenye mafundisho ya kipaimara nikanyoosha mkono, nikamwambia katekista kwamba bibi yangu anaabudu mungu wa Wagiriki.

Wenzangu walicheka, katekista hakucheka. Bibi akaambiwa asikomunike mpaka aachane na jua. Masika yote alibaki kwenye benchi, wenzake wakimpita kwenda mbele kupokea ekaristi.

Alijua ni mimi. Jioni moja tukimenya ndizi za mtori, aliniuliza taratibu, "Mjukuu wangu, hao miungu wa Wagiriki, mtu akiwakosea, walikuwa wanapokea sale?"

Nikajibu kwamba, kwa alivyosema mwalimu, walikuwa wanalipiza tu.

"Basi si Ruwa. Huyu wa Musa alikasirika, akaombwa, akaacha. Huyo namjua."

Akaendelea kumenya. Nilielewa anangoja nini. Masale yalikuwa hatua chache tu kutoka jikoni, lakini aibu ilinibana, nikasema moyoni kesho. Baadaye paroko alisikia habari ile, akamruhusu kukomunika. Nikaona yamekwisha, nikaenda zangu shule ya bweni, na bibi akafariki nikiwa huko.

Leo sale pekee lililobaki nyumbani limepandwa kwenye kaburi lake. Nimelishika jani, nikaliachia. Hilo ni lake. Langu nilitakiwa kulichuma siku ile ya mtori.