Mpunga Uliozidi Uzito Juani

Cheka tu, hata mimi nacheka. Miaka ya tisini nilipanga chumba Mlabani, huko Kilombero, nikichunguza jinsi mpunga unavyopoteza maji juani. Asubuhi nauanika kwenye mkeka, jioni naupima. Kila jioni uzito umeongezeka. Badala ya kushtuka nikatunga nadharia: maganda yanakunywa unyevu wa hewa ya Kilombero. Nikamwita profesa wangu kutoka Morogoro ajionee.

Tukiwa tumeinamia mkeka, jirani yangu Mama Anjela akaja na ungo, akamwaga mpunga juu ya wangu.

"Shikamoo mzee," akamwamkia profesa. "Kijana wenu ana mpunga kiduchu, na kila jioni anaupima kwa wasiwasi. Majirani tunamwongezea kidogo kidogo, asife njaa."

Profesa akanigeukia.

"Asante, mama," nikasema.