Maganda Yaliyomlevya Ng'ombe wa Mchungaji

Chekeni mapema mmalize, maana najua mtacheka tu. Yule mtu mnayesikia habari zake kule Nakivale, kambini kwa wakimbizi, yule aliyemlevya ng'ombe wa mchungaji wa kanisa Jumapili mchana mbele ya wazee wote, si hadithi ya kutunga. Ni mimi mwenyewe, Baba Espe, na kama kuna mwingine anayejidai kuwa ni yeye, mwacheni aichukue aibu hiyo, nitamshukuru.

Yote yalianza na maganda. Maganda ya ndizi, ya viazi, ya mihogo, uchafu ambao mtu mwenye akili timamu hawezi kuuonea wivu. Mimi niliuonea.

Jirani yetu kule Juru, upande wetu wa kambi, alikuwa Ezekieli, mtu wa Kivu ya Kusini kama sisi, aliyefiwa na mke zamani, mrefu, mwenye meno meupe (sijui aliyatoa wapi, maana sote tulikuwa tunakunywa maji ya bomba lilelile). Udongo wa mtaa wetu ulikuwa umechoka, unapanda mahindi yanakufikia magotini halafu yanakata tamaa, lakini Ezekieli alikuwa amefundishwa na watu wa shirika moja namna ya kugeuza taka za jikoni kuwa mboji, akachimba shimo nyuma ya nyumba yake, na muda si muda lengalenga yake (mboga ile ambayo Waganda wanaiita dodo) ikatoa majani mapana hata unaweza kumfunika mtoto. Sasa mke wangu, Mama Espe, kila asubuhi akawa anakusanya maganda yetu kwenye beseni, anajitwisha, huyooo kwa Ezekieli, halafu anarudi na fungu la lengalenga huku anaimba. Anaimba! Mimi nilikuwa namletea samaki wa ziwani na sikuwahi kusikia hata mluzi.

Jioni tukikaa kula ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

"Onja, Baba Espe. Lengalenga ya Ezekieli iko tamu mingi, haina hata muchanga."

Nami naitafuna huku roho inaniuma. Na kweli ilikuwa tamu, hilo ndilo lililoniudhi kupita yote.

Basi katikati ya mateso hayo, kanisa letu likawa linatafuta shemasi mmoja wa mtaa wetu, na majina yaliyopelekwa kwa wazee yalikuwa mawili, la kwangu na la Ezekieli. Niliutaka ushemasi ule jamani. Baba yangu alikuwa shemasi kule kwetu, nami nilitaka Mama Espe aitwe mke wa shemasi, akipita watu wasogee, na (niseme ukweli, si tuko wenyewe hapa) nilitaka zaidi Ezekieli asiupate. Wazee wakatangaza kwamba baada ya Jumapili mbili watatembelea nyumba zote mbili waone kila mtu anavyousimamia mji wake, ndivyo kanisa letu linavyofanya. Papo hapo nikaona akilini wazee wamesimama kwenye bustani ya Ezekieli wakisema alleluya, halafu wanageuka kuangalia ya kwangu wanasema pole.

Kesho yake asubuhi nikasimama mlangoni.

"Mama Espe, ile beseni unapeleka wapi?"

"Kwa Ezekieli. Si kila siku napelekaka?"

"Kuanzia leo maganda ya hii nyumba itabakia mu hii nyumba."

"Weye utafanyia nini maganda?"

"Nitafanya mbolea yangu."

Akaniangalia kidogo, akasema "haya", akaliweka beseni chini. Siku hiyo hakuimba. Ningekuwa na akili ningeishia hapo.

Shida ni kwamba maganda ya nyumba moja hayajazi hata ndoo, na mboji ya Ezekieli ilikuwa imekaa miezi, mimi nilikuwa na wiki mbili. Nikaomba nafasi kwenye lori la maharage linalokwenda Mbarara, na magunia matupu begani, nikashukia Kakoba, nikaingia nyuma ya soko pale wanapotupa vilivyoharibika. Ndugu zangu, niliona utajiri. Maganda ya matoke mpaka kifuani, mananasi yaliyopasuka, nyanya zilizooza, maparachichi ambayo hata nguruwe angeomba radhi. Nikawa nachota kwa mikono miwili, nimevaa shati langu la safari, na kijana mmoja wa boda akasimamisha pikipiki ili anionee huruma vizuri. "Mzee," akasema, "njaa imefika hapo?"

Nikaendelea kuchota. Nilikuwa na kazi.

Upande wa pili wa soko kulikuwa na mama anayepika tonto, pombe ile ya ndizi, na mlangoni kwake kulikuwa na lundo la machicha bado yanatoa mvuke. Nikamweleza kwamba nataka mboji ishike moto haraka, maana nilikuwa nimemsikia Ezekieli akisema mboji nzuri huwa ya moto ndani.

"Sebo, kama wewe nataka moto, chukua hii," akasema (sebo kwao ni bwana). "Moto yake si mchezo. Beba yote, mimi nachoka kutupa."

Sasa mnanijua, sijawahi kuweka pombe mdomoni, kanisa letu halina mzaha na jambo hilo. Nikasimama pale nikajihubiria mwenyewe: machicha si pombe, machicha ni mabaki, kama ambavyo mfupa si nyama. Mahubiri yakaniingia. Nikajaza gunia zima. Kurudi, ndani ya lori watu walikuwa wananusa na kusogea, wananusa na kusogea, mpaka nikabaki na nafasi ya kulala, na mama mmoja wa kwaya yetu akaniangalia kwa muda, akaniambia "Bwana asifiwe, Baba Espe" polepole sana, nami nikajibu amina nikiwa nimekalia gunia.

Nyumbani nikachimba shimo nyuma ya jiko, nikamwaga vyote, hapana majani makavu, hapana majivu, hapana hata udongo. Na ili Ezekieli asione siri yangu, nikalifunika lundo kwa turubai, nikalibana kwa mawe pande zote, hata hewa isipite. Alikuja yeye mwenyewe jioni, na yale meno.

"Ndugu yangu, nasikia uko unafanya mbolea. Iko muzuri. Lakini utie majani ya kukauka, na uigeuzage, ipate hewa. Ukiifunika vile itaharibika bule."

Halafu akaongeza methali ile ya haraka na baraka, mnaijua, sina haja ya kuirudia. Nikamwambia asante, niko najua. Nilikuwa najua nini? Sikujua kitu. Nilichokuwa najua ni kwamba mke wangu alikuwa amesimama mlangoni akimsikiliza na kutikisa kichwa kukubali.

Baada ya siku chache turubai likaanza kuvimba. Ukilala ukasikiliza unasikia chini yake kitu kinachemka, bwik, bwik, na nikitia mkono, moto! Nilifurahi karibu nicheze. Mama Espe alikuja akasimama kwa mbali, ameziba pua.

"Baba Espe, hii fasi iko inanuka sawa kabare ya pombe."

"Ni harufu ya utaalamu," nikamjibu.

Ikafika Jumapili yenyewe. Tukiwa kanisani sote, kumbe kuna asiyekuwa kanisani. Mchungaji wetu alikuwa mtu wa ng'ombe tangu kwao milimani, na katika ng'ombe wake kulikuwa na mmoja aliyempenda kama binti yake, anaitwa Bihogo, wa rangi ya kahawia, pembe ndefu, ana maringo hata akinywa maji. Baada ya ibada wazee wakaanza kwa Ezekieli, na mimi nyumbani kwangu nimevaa koti langu la pekee nasikia wanavyocheka kule, kila kicheko kinanichoma. Halafu wakaja kwangu, mchungaji, wazee wawili, Ezekieli naye nyuma yao kwa heshima ya ujirani, na nusu ya kanisa (penye chai watu hawapotei). Wakaketi kwenye mikeka na mabenchi uani. Mchungaji alikuwa na wasiwasi kidogo, akasema Bihogo ameachana na wenzake tangu asubuhi na haonekani, lakini kazi ya Mungu kwanza, tuombe.

Tukafumba macho. "Bwana," akaomba, "ubariki hii nyumba, nyumba isiyojua pombe wala magomvi..."

Ndipo nyuma ya jiko kikasikika kitu, mbweeee.

Nikafungua jicho moja. Bihogo alikuwa amesimama penye kona ya jiko, turubai langu limening'inia kwenye pembe kama shela la bibi harusi, miguu ameitanua, povu mdomoni. Akapiga hatua mbele, akaenda upande. Akapiga nyingine, akaangusha benchi la chai. Akatutazama sote kwa upendo mkubwa, akajilaza taratibu katikati ya mkeka, akaweka kidevu kwenye paja la mzee mmojawapo, na mbweeee nyingine, sasa usoni kabisa.

Yule mzee hakusogea. Alivuta pumzi, akasema, "Hii iko pombe."

"Bihogo! Bihogo mama yangu!" Mchungaji alikuwa ameshapiga magoti, anamnusa mdomo. Akanigeukia. "Baba Espe, ng'ombe wangu amekunywa fasi gani?"

Watu wakafuata nyayo mpaka shimoni. Lundo limefumuliwa, linatoa povu, na kuku wetu wawili wanazunguka pale wakigongana vifua. "Baba Espe anapikaka pombe!" mtu akapiga kelele, na yule mama wa kwaya akadakia, "Miye nilisikia ile harufu mu kamyo!" Nami nasema si pombe, ni mbolea, ni maganda, ni machicha tu, na nilipotaja machicha ndiyo nikajimaliza.

Hata hivyo nawaambia, pale ilikuwa bado naweza kuokoka. Mzee mmoja alikuwa ameingia shimoni na fimbo, anageuza, anasema mbona kweli ni maganda, huyu mutu labda ni ujinga tu. Ujinga ningeupokea kwa mikono miwili! Lakini tumbo la Bihogo likaanza kuvimba upande wa kushoto, na mchungaji akaita mafuta, leteni mafuta ya kupikia upesi yamtoe huo upepo, ng'ombe atakufa. Mama Espe akakimbia ndani akaja na chupa. Ezekieli akazikamata pembe, akainua kichwa cha ng'ombe, na mke wangu akainama kumimina, bega lake na bega la Ezekieli yameshikana, na yule bwana anamwambia "polepole, Mama Espe, vile vile," na mke wangu akatabasamu. Kidogo tu, lakini niliona.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. "Mama Espe! Toka karibu na ule mwanaume! Maganda yangu hayakumutosha, sasa unamupa na mafuta?"

Kanisa zima linaniangalia. Natamani ardhi ipasuke, na ardhi ya Nakivale siku hiyo ilikuwa ngumu. Halafu mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, na wote wakafuata, wanacheka wameshikana mabega, watoto, mama wa kwaya, mpaka yule mzee aliyekuwa shimoni.

Ezekieli peke yake hakucheka. "Ndugu yangu," akasema, "nikiachilia hii pembe ng'ombe atakufa. Kuya ushike weye."

Ningefanya nini? Nikaenda nikashika. Na mafuta yakafanya kazi yake saa hiyohiyo, Bihogo akafungua mdomo akatoa upepo wote wa wiki mbili za Mbarara, pamoja na nanasi na povu, juu ya uso wangu na koti langu la pekee. Halafu akasimama, akajikung'uta, akaondoka zake na mchungaji nyuma akimbembeleza.

Pombe wazee walinisamehe. Kilichoniponza ni ile kelele ya wivu. Mkubwa wa wale wazee wawili aliniita pembeni akaniambia, "Baba Espe, pombe ya ng'ombe itatoka mu kichwa kesho asubuhi. Hii ya kwako itatoka siku gani?" Ezekieli akawekewa mikono akawa shemasi, na mimi nikakalishwa benchi la nyuma kwa muda, nitafakari.

Jioni ya siku ileile Mama Espe alikuwa anafua lile koti. Nikavumilia, nikavumilia, nikashindwa. Nikamuuliza: wewe na Ezekieli kuna kitu?

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akafuta macho kwa mkono wenye sabuni.

"Baba Espe, tangu tulitoka Uvira, kukimbia, kulala mu njia, kupanga mistari ya chakula, haukuniangalia hata siku moja sawa mwanamuke. Nilifikiri ulinizoea sawa kiti. Leo nimeona kumbe iko mutu anaweza kujipatisha haya mbele ya kanisa nzima ju yangu." Akalikamua koti. "Ushemasi umepoteza bule. Lakini miye sikuchukia."

Nikachukua upande mmoja wa koti tukalikamua pamoja.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi ni mashahidi: wivu wa bustani ya mtu, wa cheo cha mtu, wa taka za mtu, nimeuacha kabisa, umenigharimu vya kutosha. Ule wa Mama Espe nimebakiza kidogo, kwa matumizi ya nyumbani.