King'ora cha Jumatano ya Majivu

Juzi mchana king'ora cha mji kililia, na binti yangu hakuinua hata kichwa. "Ni test tu, Mum," akasema, akaendelea kula. Nilimwonea wivu.

Nilipokuwa na umri wake, ndio kwanza tulikuwa tumehamia mji wa Fort Worth. Jumatano ya Majivu tulitoka misa ya asubuhi, na Mama akasema leo nyama hailiwi. Mchana alisinzia kwenye kochi, bado amevaa sare ya hospitali. Nikafungua friji nikachukua soseji. Ilikuwa baridi, ikinukia moshi na pilipili. Sijamaliza hata nusu, sauti kubwa ikapanda juu ya mapaa, ikashuka, ikapanda tena. Nilijua Mungu ananitangaza mji mzima.

Nilimwamsha Mama. "Nimekula soseji."

Alisikiliza kidogo, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Hicho ni king'ora cha kimbunga. Kazini walituambia wanakijaribu kila mwezi. Na wewe una miaka saba, mfungo wa nyama ni wetu wakubwa."

Nililia, lakini kwa kushusha pumzi. Akanifuta mafuta mdomoni kwa ncha ya leso yake. Jivu la kwenye paji langu hakuligusa.